Julai 25 inakuja: jinsi ya kuwaenzi wazee wetu waliopigana vita, kuanzia hapo hapo mtaani kwako

Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa hapa Tanzania, tunaangalia kwenye TV Rais anaweka mkuki na ngao pale mnarani, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, yanafuata mashada ya maua, upinde na mishale, shoka, tarumbeta linalia, mzinga unapigwa watu wote kimya dakika moja, viongozi wa dini wanaomba dua, wimbo wa taifa, basi, tunabadilisha chaneli. Na nyumba ya tatu kutoka kwako kuna mzee aliyevuka mto Kagera akiwa kijana wa miaka ishirini na bunduki begani, na siku hiyo hakuna hata mtu mmoja aliyemgongea mlango kumpa shikamoo. Hilo ndo linaloniuma na ndo sababu ya kuandika haya.

Siku yenyewe sio ya mapumziko, watu wanaenda kazini kama kawaida, kwa hiyo msipopanga mapema itapita tu. Hesabu ni rahisi, aliyekuwa na miaka 20 Idi Amin wa Uganda alipotuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978, vita ya Kagera ikaanza, leo anakaribia 70, na wengi wao walikuwa wakubwa kuliko hapo. Wale wa KAR, jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, waliopelekwa Burma na Madagaska kwenye Vita Kuu ya Pili tumeshawamaliza karibu wote kuwazika, na wengi tumewazika bila kuwauliza chochote. Hawa wa Kagera bado wapo. Kwa hiyo ukiniuliza tuanze na nini, na mnara au na mzee aliye hai, nitakujibu mzee kwanza, mnara haukimbii.

Kuwapata wazee wenyewe

Anzeni mwezi wa sita, msisubiri wiki ya mwisho. Nendeni kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, hao wanajua nyumba kwa nyumba, kisha msikitini na kanisani waombeni watangaze mara moja baada ya ibada. Ngazi ya wilaya yupo mshauri wa mgambo, yule ni mwanajeshi na ana uzoefu wa kushughulika na watu hawa, mkimfuata kwa heshima na barua ya serikali ya mtaa atawaelekeza. Kuna pia muungano wa wanajeshi wastaafu, MUWAWATA, ambao una watu mikoani, nao mkiwapata mtapunguza kazi nusu.

Sasa hapa msikilize vizuri maana ndo watu wengi wanapokosea. Ukiuliza "nani mwanajeshi mstaafu hapa" utaletewa wale waliokaa JWTZ mpaka wakastaafu kwa utaratibu, wana kadi, wana pensheni, wanajulikana. Lakini vita ya Kagera haikupiganwa na JWTZ peke yake. Walikwenda mgambo kwa maelfu, polisi, magereza, vijana wa JKT, na wengi wa mgambo vita ilipoisha walirudi shambani, wengine kwenye uvuvi, wengine viwandani, wakaendelea na maisha, na leo mtaani anajulikana kama babu fulani wa mihogo. Walikuwepo pia madereva wa malori yaliyochukuliwa kubeba askari na risasi, walikuwepo wauguzi, na wanawake waliokuwa jeshini. Kwa hiyo swali liwe "nani alikwenda vita ya Amin", kwa kazi yoyote ile. Na lingine, "nani hakurudi na familia yake iko wapi". Mjane aliyebaki na watoto wanne mwaka 1979 naye anahusika na siku hii, tena kwangu mimi anakaa kiti cha mbele kabisa.

Afu msiishie Kagera. Kuna waliokuwa mpakani kule Mtwara na Ruvuma wakati wa ukombozi wa Msumbiji, kuna waliokwenda Msumbiji tena miaka ya themanini mwishoni, kuna waliokwenda Comoro 2008. Na kuna vijana kabisa, waliokuwa Darfur na Kongo kulinda amani. Julai 13, 2013 tulipoteza askari saba Darfur kwa siku moja. Desemba 7, 2017 kule Semuliki, Kivu ya Kaskazini, kambi yetu ilishambuliwa usiku tukapoteza zaidi ya kumi. Waliorudi wakiwa hai kutoka huko wengine hawajafika hata miaka arobaini, wanaendesha bodaboda au wako bado kazini, na mtu akisikia neno mkongwe wa vita hawafikirii kabisa. Wafikirieni.

Andikeni kwenye daftari, daftari la karatasi kabisa: jina lake kamili, anapoishi, alikwenda wapi, mwaka gani, kikosi gani kama anakumbuka, na namba ya simu ya mtoto au mjukuu anayemuangalia. Hiyo ya mwisho ni muhimu kuliko mnavyodhani.

Mnapokwenda kumuona

Msiende kundi. Watu wawili wanatosha, watatu ni wengi, na mmoja wao awe mtu anayemfahamu. Ongea na familia kwanza, muulize mwanae au mkewe mzee anaendeleaje, anasikia vizuri, saa ngapi huwa ana nguvu, na je huwa anapenda kuongelea mambo hayo. Kuna nyumba mtaambiwa "baba hapendi", na mkiambiwa hivyo mnasema asante, mnamsalimia mzee, mnaongea habari za mvua na mpira, mnaondoka, na jina lake linabaki kwenye daftari kwa heshima ile ile. Kumheshimu ni pamoja na kumuachia ukimya wake.

Shikamoo kwanza, mkae, mnywe mtakachopewa. Msitoe simu. Waelezeni mmetumwa na nani na kwa nini, kwamba Julai 25 mtaa unataka kuwakumbuka na yeye ni mmoja wao, mngependa aje akae na watu, sio lazima aongee. Wazee wengi watajibu "mimi sikufanya kitu, mashujaa ni wale waliobaki kule". Mtalisikia hilo kila nyumba. Usibishane nae, usimwambie hapana mzee wewe ndo shujaa halafu ukaanza hotuba, badala yake muulize "waliobaki kule ni akina nani?" Hapo ndo mazungumzo yanapoanza kweli kweli, maana atawataja, atamtaja mwenzake wa kutoka Singida aliyekuwa anasuka ukili akipata nafasi, atamtaja kamanda wake wa platuni, na wewe unaandika majina.

Maswali makubwa hayaleti kitu. Ukimuuliza mzee "vita ilikuwaje" atakujibu "ilikuwa mbaya" na mmemaliza. Uliza vitu vidogo. Mlikula nini? Nani alikuwa anapika? Ulilala wapi usiku wa kwanza? Viatu je? Barua za nyumbani zilifikaje? Mzee mmoja wa mtaani kwetu aliulizwa na kijana wa kidato cha pili juu ya viatu tu, akaanza kueleza jinsi buti lilivyonyeshewa kwenye matope ya kuelekea Masaka kule Uganda likakauka mguuni, jinsi alivyokuwa analivua usiku kwa kulikata kamba maana fundo limegoma, na alivyokuwa anaweka soksi kifuani ndani ya shati zikauke kwa joto la mwili, na kutoka kwenye hizo soksi akafika Lukaya, akafika Kampala Aprili 11, 1979, akaongea hadi magharibi, na mkewe akasimama mlangoni na sinia mkononi anasikiliza maana hata yeye hajawahi kuyasikia hayo.

Na kuna swali moja ambalo haliulizwi kamwe: uliua wangapi. Waambieni na watoto, tena waambieni mapema kabla mzee hajafika, maana mtoto hana baya lakini atauliza. Usimuulize pia kama aliogopa, au waliyoyafanya wenzake kwenye miji waliyoingia. Akitaka kusema mwenyewe atasema, na akisema msikilize bila kuguna. Ukiona amenyamaza ghafla, mikono inatetemeka, au anarudia sentensi moja, funga daftari, omba maji, geuza stori. Utarudi siku nyingine, au hutarudi, haidhuru.

Kurekodi, akikubali

Uliza ruhusa mbele ya mtoto wake, na mueleze rekodi itakwenda wapi, ni ya familia tu au itasikika shuleni au itawekwa mtandaoni. Simu ya kawaida inatosha kabisa. Iweke kwenye hali ya ndege ili isipigwe katikati, iweke karibu na mdomo wake juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isigonge, zima feni na redio, kuku wafukuzwe, nusu saa mpaka dakika arobaini inatosha kwa siku moja. Mwanzoni sema wewe tarehe, mahali, na jina lake. Piga picha medali zake mbele na nyuma, piga picha kitambulisho cha zamani au picha ya kikosi kama anayo, ipige hapo hapo nyumbani kwake kwenye mwanga wa mlangoni, usiombe kuondoka nayo hata kama anakuamini, vitu hivi vikitoka ndani mara nyingi havirudi.

Akikosea tarehe usimsahihishe. Daraja la Kyaka lililipuliwa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba 1978, mzee akikwambia lilikuwa Desemba acha hivyo, kumbukumbu ni yake, andika pembeni kwenye daftari lako. Unachotaka kutoka kwake ni alichokiona yeye, tarehe zipo vitabuni.

Usiku huo huo hamisha rekodi, mpe mjukuu wake nakala, na nakala nyingine iwekwe sehemu tofauti na simu yako. Simu zinaibiwa jamani.

Siku yenyewe

Maadhimisho ya kitaifa miaka hii yamekuwa yakifanyika Dodoma, kwenye uwanja wa mashujaa kule Mji wa Serikali Mtumba, zamani watu wa Dar tulizoea Mnazi Mmoja, na mikoa nayo huwa na ya kwake. Kama mko karibu, njia nzuri ni kuwapeleka wazee wenu wakakae pale wenyewe, ulizeni ofisi ya mkuu wa wilaya utaratibu wa viti mapema. Kama mko mbali fanyeni yenu mtaani, na hakikisheni mwenyekiti na mtendaji wanajua, maana mkusanyiko wowote unataka taarifa.

Asubuhi ni bora kuliko jioni. Saa tatu mpaka saa tano, mnamaliza kabla jua halijawa kali, wazee wanarudi nyumbani kula na kunywa dawa. Ikiangukia Ijumaa mmalize mapema watu wawahi swala, ikiangukia Jumapili muongee na makanisa kwanza. Usafiri ndo kitu cha kwanza cha kuchangia, kabla ya turubai na kabla ya spika. Bajaji moja ikizunguka kuwachukua watano inatosha, msimwambie mzee wa miaka 75 mwenye goti bovu "tutakutana pale". Viti viwe na migongo, viwe kivulini, viwe mbele, na choo kiwe karibu na kiwe kisafi. Wageni wa heshima wakichelewa, mnaanza. Nalisema hili kwa uzito, hakuna kiongozi wa kuwasubirisha wazee hawa juani kwenye siku yao wenyewe.

Utaratibu wenyewe usiwe mrefu. Wimbo wa taifa, dua ya sheikh na ya padri au mchungaji, kusoma majina, kimya, maua, mzee mmoja au wawili waongee kama wapo tayari, chai, basi. Mkuki na ngao waachieni taifa, mtaani maua yanatosha, na sio lazima shada la plastiki la kununua, watoto wakikusanya maua ya nyumbani wakayafunga kwenye duara la majani ya mnazi au mti wowote linakuwa zuri tena linanukia. Aweke nani? Mjane, au mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote, akishikwa mkono na mtoto wa shule. Diwani atakuwa nyuma yao.

Kuhusu kimya. Dakika moja ni ndefu sana hadharani, na msipoiandaa itaharibika kwa muziki wa duka la pembeni na honi. Siku moja kabla pitieni maduka, vibanda vya miamala na kijiwe cha boda muwaombe kwa adabu: saa nne kamili, dakika moja tu, zimeni. Wanakubali, wala hawana shida, wanachotaka ni kuambiwa. Mtu mmoja ashike saa. Kuanza na kumaliza kuwe na ishara, kitaifa ni mizinga na tarumbeta, nyie mna skauti wenye tarumbeta au ngoma ya shule, mpigo mmoja kuanza mmoja kumaliza. Msitumie fataki wala baruti kabisa, yaani kabisa, nimeona mzee akijikunyata ukutani kwa sababu ya fataki za harusi na sitaki kuona tena. Hata ngoma, mwambieni mzee kabla kwamba itapigwa. Na asiyeweza kusimama asisimamishwe, akae, avue kofia kama anataka, inatosha.

Majina, haya msiyasome kama orodha ya mahudhurio. Msomaji afanye mazoezi na familia jinsi jina linavyotamkwa, hasa majina ya makabila mengine, maana mama aliyesubiri miaka yote hiyo kusikia jina la mwanae likitajwa hadharani halafu linatamkwa vibaya ni kumuongezea kidonda. Jina, alikotoka, alikofia kama inajulikana, kisha pumzi moja, kisha jina linalofuata.

Sare na bendera

Msimvalishe mtoto kombati wala kitu chochote kinachofanana na sare ya jeshi, hata kwa igizo. Raia kuvaa sare za jeshi ni kosa kisheria, na Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wenye mavazi hayo wayasalimishe, kwa hiyo sio jambo la kuchukulia poa. Watoto wavae sare za shule, wanapendeza. Mzee avae suti yake au kanzu yake na medali zake kifuani, na kama mikono haina nguvu mjukuu amsaidie kuzibandika nyumbani, sio mbele za watu. Bendera ya taifa isiguse chini, isitandikwe mezani kama kitambaa cha chai, na ikichakaa msiitumie.

Bahasha na zawadi

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mtindo wa kumsimamisha mzee mbele, mnamkabidhi mfuko wa mchele na mafuta lita tatu, picha inapigwa huku mtoaji ameshika kona ya mfuko na anaangalia kamera, naomba muuache. Kama mmechanga, na mchange, pelekeni nyumbani kwake jioni au kesho yake, mkono kwa mkono, kwenye bahasha, mumpe yeye au mkewe. Hadharani mpeni nafasi na jina lake kutajwa vizuri. Nyumbani mpeni kitu.

Na kabla hamjanunua ulizeni anachohitaji. Unaweza kukuta hana shida na mchele, anachotaka ni miwani, au fimbo ya kutembelea iliyo imara, au mtu wa kumpeleka kliniki mara moja kwa mwezi.

Makaburi

Kama mko Kagera, Kaboya kule Muleba ndo wamelala mamia ya askari wetu wa vita ile, makaburi yamepangwa kwa mistari ndani ya eneo la jeshi, kwa hiyo lazima ruhusa. Ukiwa huko pita Kyaka uwaoneshe watoto mabaki ya kanisa lililopigwa na mabomu. Mtwara kuna makaburi ya mashujaa Naliendele. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge ambapo mashujaa walinyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906, na wao wana siku yao kila mwaka tarehe hiyo, kwa hiyo watu wa Ruvuma nyie mna siku mbili. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani alifika hapo Songea akaomba msamaha, kitu ambacho walimu mnaweza kuanzia hapo na darasa, maana wanafunzi watauliza msamaha wa nini.

Dar kuna sanamu ya Askari pale Samora, iliyowekwa 1927 kwa ajili ya askari Waafrika na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na tunapita nayo kila siku tukiwa kwenye daladala bila hata kugeuza shingo. Wapagazi wale walikufa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na malaria wakibeba mizigo ya wakubwa wawili, Mwingereza na Mjerumani, waliokuwa wanagombana kwenye ardhi yetu, na wengi hawana kaburi lenye jina popote. Mkiandaa dua ya Julai 25 watajeni na wao, sentensi moja inatosha: na wapagazi ambao majina yao hatuyajui.

Lakini makaburi mengi ya wapiganaji hayapo huko, yapo nyuma ya nyumba zetu vijijini, mzee alirudi salama akafa kitandani 1996 akazikwa chini ya mwembe. Nendeni wiki moja kabla, pamoja na familia, mkafyeke, mpake chokaa, jina lililofutika liandikwe upya, na chini ya jina, kama familia inataka, mstari mmoja kwamba alipigana vita ya Kagera 1978 hadi 1979. Ni kazi ya asubuhi moja na inabaki miaka.

Mtandaoni

Mkipost, msiweke namba yake ya jeshi, namba ya simu wala nyumba anayoishi. Matapeli wanawawinda wastaafu, wanapiga simu wanajifanya watu wa mafao, "mzee kuna malimbikizo yako tuma kwanza ada ya kufungua faili". Waambieni wazee na wajukuu zao waziwazi siku hiyo hiyo kwamba hakuna malipo ya haki yanayodai utume hela kwanza. Picha za miili au majeruhi wa Kongo na Darfur zinazozunguka kwenye magrupu, msizisambaze hata kwa nia nzuri, wale wana mama zao na mama zao wana simu. Picha ya mzee iende baada ya yeye kuiona na kukubali.

Watoto

Kwa shule, siku moja kabla inatosha kipindi kimoja: ramani ukutani, oneni Mutukula, Kyaka, Masaka, Kampala, mwalimu aeleze kilichotokea kwa nusu saa, Mwalimu Nyerere Novemba 2, 1978 aliposema sababu tunayo, uwezo tunao, nia tunayo, halafu kila mtoto arudi nyumbani akaulize, kwetu nani alikwenda? Kesho yake waje na jina. Mtashangaa majina yatakayokuja, na mengine hayapo kwenye daftari lenu. Na muwafundishe pia kwamba Waganda sio maadui zetu, vita ilikuwa na Amin, maana mtoto akiachwa na stori ya kishujaa peke yake anaweza kumchukia mwenzake wa Kiganda bila sababu.

Baada ya Julai 25

Julai 26 ndo inaonesha kama mlikuwa mnamaanisha. Katika kuzungukia nyumba mtakuwa mmesikia mengi: huyu bima yake haisomi, yule mjane hajakamilisha mirathi kwa hiyo mafao yamekwama, mwingine majina kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye kadi ya jeshi hayafanani, herufi moja tu, na anazungushwa miaka. Haya hayatatuliwi na maua. Chagueni vijana wawili waliosoma, wenye subira, kila mmoja ashike wazee wachache, aende nao ofisini kimwili, ashike foleni, ajaze fomu, apige kopi, aandike tarehe ya kurudi na jina la ofisa aliyemhudumia. Mzee peke yake ataambiwa njoo wiki ijayo, akiwa na kijana anayeandika kila kitu kwenye daftari anahudumiwa tofauti, ndo ilivyo.

Na mtu akifariki katikati ya mwaka, mtaa upewe taarifa kupitia ile namba ya mjukuu, muende msibani kama mtaa, mmoja wenu asimame aseme marehemu alipigana wapi na mwaka gani, mkishamaliza mkabidhi familia ile rekodi ya sauti. Daftari lipigwe kopi mbili, moja kwa mtendaji, moja shuleni, na Juni ikifika mtu anaanza tena na ukurasa wa kwanza, anapiga simu moja moja kuuliza nani yupo, nani amehama, nani anahitaji bajaji safari hii.